Maswali na Majibu: C200 ya 2010 inakwaruza asubuhi. Ninunue au niiache?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimeonyeshwa Mercedes-Benz C200 ya mwaka 2010 iliyopo Dar es Salaam. Ni namba D, ilitoka Japani, mita inasoma kilomita 92,000, na nyuma kuna beji ya Kompressor. Muuzaji ni mmiliki wa pili hapa nchini. Nilifika asubuhi na mapema. Ilipowashwa ilikwaruza mbele ya injini kwa sekunde chache, kisha ikatulia. Dalali akaniambia Benzi zote ndivyo zilivyo. Kwa sasa naendesha Premio na sijawahi kumiliki gari la Ulaya. Nikague nini kabla sijatoa pesa? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Benzi nzima haikwaruzi asubuhi. Mlio ule ndio habari kubwa kuliko zote ulizopewa kuhusu gari hilo, na bahati yako ulifika kabla hawajalipasha moto. Tutaanza nao, lakini kwanza ujue ni injini gani tunayoizungumzia.

Umbo hilo, W204, lilitengenezwa kuanzia 2007 hadi 2014. C200 ya petroli ya mwaka 2010 ina injini ya lita 1.8 yenye silinda nne, ya familia ya M271. Karibu na mwaka huo aina mbili zilikuwa zinapishana. Kuna Kompressor, yenye supachaja (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) inayozungushwa na mkanda. Kuna na CGI, yenye tabo, ambayo nozeli zake zinapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zote mbili zinatoa nguvu-farasi 184, na kwa macho gari ni lile lile. Beji usiiamini, inang'oka na kubandikwa kwa dakika mbili. Soma namba ya chasi: ikianza na WDD204041 hiyo ni C200 Kompressor, ikianza na WDD204048 ni C200 CGI. Namba ya injini ya Kompressor inaanza na 2719, ya CGI inaanza na 2718. Lazima ulijue hili, kwa sababu vipuri vingi vya injini hizi mbili haviingiliani, na watu wameshanunua cheni ya Kompressor wakaenda kuikuta injini ni CGI.

Sasa mlio. Mbele ya M271 kuna cheni inayounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti mbili (zinazofungua valvu). Kila kamshafti ina gia yake yenye utaratibu wa kubadilisha pembe kwa presha ya oili, tuite ajasta. Pale usiku oili inashuka yote. Asubuhi, ikiwa cheni imerefuka, au tenshina inayoikaza imechoka, au pini inayofunga ajasta imelika, cheni inapigapiga mpaka presha ya oili ipande, ndipo kelele inaisha. Hizo ndizo sekunde chache ulizosikia. Kadiri kelele inavyodumu, ndivyo uchakavu ulivyokwenda mbali. Meno ya ajasta nayo yanalika na kuchongoka, na siku cheni itakaporuka jino, valvu zinakutana na pistoni. Hapo unanunua injini nyingine.

Kinachoiua mapema ni oili. Mfumo wa huduma wa gari hili ulipangwa kwa safari ndefu na oili maalumu, kwa hiyo dashibodi inaweza kukaa kimya kilomita nyingi sana kabla ya kudai huduma. Kwa foleni za Dar, injini inaunguruma saa nzima huku kilomita zikisogea kidogo tu, na oili inachoka kabla mita haijasema. Ukiongeza na oili ya bei rahisi isiyo na kiwango cha MB 229.5, cheni inaisha hata kabla ya kilomita 100,000. Ndiyo maana mimi hiyo 92,000 hainitulizi. Lete risiti za oili ndipo tuongee.

Hakikisha hivi. Mwambie muuzaji gari lilale bila kuwashwa, na ukifika uweke kiganja juu ya boneti kabla ya ufunguo kuingia. Kama boneti ina joto, rudi siku nyingine. Mtu mmoja awashe, wewe simama mbele, boneti wazi, simu ikirekodi. Kisha fundi asome mashine. Asiishie kwenye kile kidude kidogo cha bluetooth, atumie mashine inayoongea na Mercedes kwa undani, yaani Xentry au inayolingana nayo. Kodi za hitilafu za kutafuta ni P0016 na P0017, zinazosema krenki na kamshafti hazikubaliani. Kodi zikikosekana bado hujashinda, kwa sababu dalali anayejua kazi yake huzifuta kabla hujafika. Jibu la mwisho linapatikana kwa kufungua tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kuzungusha injini kwa mkono hadi silinda ya kwanza iwe juu kabisa, na kulinganisha alama za ajasta. Hapo meno yenyewe utayaona. Muuzaji akikataa kava isifunguliwe, hesabu kwamba cheni imekwisha na upange bei kwa hesabu hiyo.

Kazi kamili ya cheni ina vitu hivi: cheni, ajasta mbili, tenshina, gasketi ya tapeti kava, boliti mpya za ajasta, na reli za plastiki kama mbele patafunguliwa. Wako mafundi wanaokata cheni ya zamani na kuivuta mpya kwa juu bila kufungua kava ya mbele. Njia hiyo inakubalika, ila reli na gia ya chini zinabaki za zamani, na kiungo cha mwisho lazima kifungwe kwa chombo chake cha kurivetia. Fundi akitaka kukipigilia kwa nyundo, chukua funguo zako uondoke. Kazi ikiisha, injini izungushwe mizunguko miwili kwa mkono na alama zisomwe tena kabla ya kuwashwa. Kosa ninaloliona sana ni kubadili cheni peke yake na kuacha ajasta zenye meno yaliyolika ili kuokoa pesa. Meno mabovu yanaila cheni mpya, na kelele inarudi.

Ukiwa hapo hapo mbele, kagua sumaku mbili za umeme zinazoongoza ajasta. Zinavuja oili, na oili hiyo haidondoki chini tu: inapenya ndani ya soketi, inatambaa ndani ya waya, na inaweza kufika hadi kwenye kompyuta ya injini. Chomoa soketi za sumaku na upanguse pini kwa kitambaa cheupe. Ukikuta zina oili, chomoa na soketi ya kompyuta ya injini uiangalie. Ikiwa kavu, unabadili sumaku na kusafisha soketi. Ikiwa na oili, gari hilo mwachie mwenyewe.

Kama chasi imethibitisha ni Kompressor, sikiliza sailensi, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ukipandashuka na mashine ikisema mchanganyiko wa petroli ni hafifu (P0171), mara nyingi ni mipira ya hewa ya krenki iliyojificha chini ya supachaja. Inakauka na kupasuka. Mipira yenyewe si ghali, ila kuifikia ni kazi. Kama ni CGI, ugonjwa wake ni masizi kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa kuwa petroli haipiti pale kuziosha. Dalili ni kumisi asubuhi na gari kuwa zito. Dawa ni kufungua menifoldi na kusafisha kwa mkono. Chupa ya dawa unayomimina kwenye tangi haifiki huko.

Giaboksi ya C200 ya mwaka huo ni otomatiki ya gia tano, 722.6, na ni ngumu kweli kweli ikitunzwa. Ile ya gia saba kwenye C200 ilikuja na sura mpya ya 2011. Hii ya gia tano haina kijiti cha kupimia oili cha dereva, kwa hiyo wengi huamini haihitaji kubadilishwa. Inahitaji. Endesha kwa dakika thelathini hadi ipate moto. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu isipige teke. Kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, ukikanyaga mafuta kidogo tu, gari lisitetemeke kama linapita kwenye matuta madogo ya rasta; mtetemo huo unatoka kwenye konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi. Likigoma na kubaki gia ya pili, kompyuta imejilinda, na ni lazima ujue kwa nini. Kisha liinue: upande wa kulia wa giaboksi kuna plagi ya waya yenye pini 13, ambayo oringi zake huchoka na oili ikapanda kwenye waya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Plagi hiyo inauzwa bei ndogo, na fundi aliyezoea hatumii hata nusu siku. Oili iwe ya kiwango cha MB 236.14, na filta ibadilishwe pamoja nayo.

Sasa ugonjwa wa W204 ambao huwashtua waliozoea Toyota: loki ya usukani ya umeme. Ukiingiza ufunguo unasikia "zzzt" fupi, ni mota ndogo inafungua usukani. Mota hiyo ikifa, unaingiza ufunguo na hakuna kinachotokea. Dashibodi haiwaki, gari haliwaki, na betri ni nzima kabisa. Watu hununua betri, kisha ufunguo, kisha wanafika kwa fundi wa umeme. Ingiza na kutoa ufunguo mara kumi mfululizo. Mota ikichelewa hata mara moja, iko njiani kufa. Ukiona dalili, tengeneza ikiwa bado inafungua, maana ikifa usukani ukiwa umefungwa itabidi loki ikatwe. Inabadilishwa mota au inawekwa kifaa mbadala kinachojibu badala yake. Usinunue loki ya mtumba ukidhani itachomekwa na kufanya kazi, kila moja imesajiliwa na gari lake. Uliza pia funguo ziko ngapi. Ziwe mbili.

Taa za nyuma zitazame kwa ndani, kwenye buti. Waya wa kahawia wa athi huunguza soketi yake, plastiki inayeyuka, na taa zinaanza kuwaka ovyo: unakanyaga breki, indiketa inawaka. Ni tatizo dogo la pesa kidogo, ila ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei. Ukiwa kwenye buti, inua zulia la tairi la akiba uone kama pamewahi kuingia maji. Kwa gari la Dar nenda mbali zaidi: vuta zulia la miguuni na uangalie reli za viti na boliti zake. Matope makavu au kutu pale maana yake limelala kwenye mafuriko, na gari lenye kompyuta nyingi kiasi hiki halistahili kununuliwa baada ya hapo, hata kwa nusu bei.

Miguu ya mbele ina bushi na boljointi nyingi kuliko Premio yako. Zitikise kwa mtaimbo gari likiwa juu. Maunti za haidroliki zinazobeba injini zikipasuka, usukani unatetemeka ukiwa kwenye D umekanyaga breki. Hayo yote ni matengenezo ya kawaida, yaandike tu kwenye hesabu. Themostati ya injini hii hukwama ikiwa wazi. Mashine isome joto la kulanti (maji ya kupozea injini) baada ya mwendo wa barabara kuu. Likishindwa kufika nyuzi 80, ibadilishwe. AC ijaribiwe saa saba mchana, siyo asubuhi.

Kuhusu kilomita, herufi D ya namba inakuonyesha lilisajiliwa Tanzania kipindi gani, haikuambii limetembea kiasi gani. Omba cheti cha Japani cha usafirishaji, kinaandika kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Na kuna njia nyingine ambayo wauzaji wengi hawaijui: kwenye Xentry, hitilafu zilizohifadhiwa huandikwa pamoja na kilomita ilizotokea. Ukikuta kompyuta mojawapo imeandika hitilafu ikiwa na kilomita 150,000 wakati dashibodi inasema 92,000, mazungumzo yameisha. Kadi ya gari ihakikiwe TRA, jina lilingane na kitambulisho cha anayepokea pesa, wala si cha dalali.

Uamuzi wangu kwa gari lako: waya za sumaku zikiwa kavu, giaboksi ikiwa laini na hakuna dalili ya mafuriko, linunue, lakini bei ipunguzwe gharama yote ya cheni na ajasta. Usikubali punguzo la "tugawane". Ubaki na akiba isiyopungua robo ya bei kwa mwaka wa kwanza. Kama bei hiyo haikuachii akiba, tafuta lingine, C200 za mwaka huo hazijaadimika. Ukilinunua, usilitoe Dar kuja nalo Dodoma kwa cheni inayokwaruza, hata kama muuzaji anaapa. Cheni ifungwe Dar, ambako vipuri viko karibu, oili mpya lita 5.5 ya MB 229.5 na filta viwekwe, gari lizunguke mjini siku mbili tatu, tapeti kava ikaguliwe kama haivuji, ndipo ushike barabara ya Morogoro. Kuanzia hapo badilisha oili kila kilomita 7,000 hadi 8,000, hata dashibodi ikikuambia bado.