Re: Familia ya wazungu iliyoishi mtaa wa weusi, Alabama

Salaam mkuu. Unataka familia ya wazungu iliyoishi kabisa na weusi enzi za ubaguzi, si wanaharakati wa kupita. Anza na mchungaji Robert Graetz na mkewe Jeannie, Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, 1955. Alichunga Trinity Lutheran, kanisa la weusi; Rosa Parks, yule mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, alikutana na vijana wa NAACP (chama cha kutetea haki za weusi) humohumo.

Mgomo wa mabasi ulipoanza, yaani weusi kugoma kupanda mabasi ya kibaguzi, Graetz akawa anabeba watu kwa gari lake. Wabaguzi wakamtilia sukari kwenye tangi la mafuta, wakachana matairi. Agosti 1956 nyumba ikalipuliwa wakiwa safarini. Januari 1957 tena, safari hii wakiwa ndani na kichanga. Bomu kubwa zaidi halikulipuka.

Nikifundisha hili huanza na ile sukari. Darasa linaamka hapohapo. Wewe pekua kwanza habari za mgomo, wasifu wa viongozi baadaye.