Nimemkabidhi Mungu kila mkesha, mbona moyo haupumziki?

Barua tatu za toleo hili zimetoka Kigoma na Tabora, na ingawa waandishi wake hawafahamiani, zote zinahusu kumtumaini Mungu na kumwachia mizigo yetu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyobeba mambo mengi zaidi.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne, nanunua dagaa wabichi katika mwalo wa Kibirizi, nawaanika na kuwauza kwa wafanyabiashara wa jumla. Mume wangu ni mvuvi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu mwaka 2024, nilijiambia kwamba angalau nitapumzika, kwa kuwa mume wangu atalala nyumbani nami sitaamka alfajiri kuwahi mitumbwi. Badala yake ndipo usingizi ulipokata kabisa, kwa sababu nilikuwa na mkopo wa riba kubwa, huu tunaouita kausha damu, na wenye fedha zao hawakutaka kusikia habari za ziwa kufungwa. Sehemu kubwa ya deni nimeshalipa, lakini moyo umebaki vilevile. Kila mkesha naenda madhabahuni, nalia, namkabidhi Mungu kila kitu, na nikifika nyumbani najikuta nahesabu tena. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba nina roho ya mashaka. Naomba unieleze: kumwachia Mungu ni kufanya nini hasa? Na nitajuaje kama amepokea?
Mama wa dagaa, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Amina, dada yangu. Kabla sijagusa swali lako, naomba tuangalie jambo ulilolisema mwenyewe bila kukusudia. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti mwaka ule hukuwa na kazi ya alfajiri, mume wako hakuwa ziwani usiku, na bado ndicho kipindi ulichochoka kuliko vyote. Kwa hiyo unajua tayari, tena kwa mwili wako, kwamba pumziko ambalo Kristo analizungumzia si kukosa kazi. Mikono inaweza kukaa bure huku moyo ukipiga makasia usiku kucha.

Ndiyo maana ahadi ya Bwana katika Mathayo 11 imekaa kwa namna ya ajabu kidogo. Anawaita wote wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo, anasema atawapumzisha, na sentensi inayofuata anawaambia wajitie nira yake. Mtu aliyechoka tungemletea mkeka, lakini yeye anamletea chombo cha kazi. Hakuwa anawatania. Wasikilizaji wake walikuwa wamelemewa na kodi, na zaidi ya kodi walikuwa na waalimu wa dini ambao, kama Injili hiyohiyo inavyosema katika sura ya 23, walifunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, wasitake wenyewe kuigusa hata kwa kidole. Walichokosa watu wale ni bwana mpole wa kumtumikia, na ndicho anachowapa: "kwa kuwa mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo, nanyi mtapata raha nafsini mwenu." Raha hiyo inapatikana ukiwa kazini, chini yake.

Hapo niseme neno kuhusu mzee wako wa kanisa. Sitaki kumhukumu mtu nisiyemsikia, na huenda alikusudia mema. Lakini mwanamke anayekuja madhabahuni akiwa na deni, watoto wanne na mume aliye majini usiku, akirudishwa nyumbani na mzigo wa nne uitwao roho ya mashaka, amefanyiwa jambo lile ambalo Bwana alilikemea. Wasiwasi wako una sababu zinazohesabika kwa shilingi. Ungekuwa huna wasiwasi wowote katika miezi ile mitatu, mimi ningeshangaa.

Sasa, kumwachia Mungu ni kufanya nini? Watu wengi wanadhani ni hisia, yaani kujikaza mpaka moyo uwe mtupu na mwepesi, na hisia hiyo isipokuja wanaamua kwamba hawakujitoa vya kutosha. Kwa ufahamu wangu wa Maandiko, kumwachia Mungu ni tendo la utashi: ni kumwachia yeye matokeo, huku wewe ukibaki na wajibu wako. Tazama kazi yako mwenyewe. Dagaa wakishatandazwa juani wewe unawageuza, unafukuza kunguru, unatazama mawingu upande wa milima ya Congo, na turubai unaliweka karibu. Hayo yote ni yako na usipoyafanya watanuka. Jua lenyewe hujawahi kuliwasha hata siku moja. Unachokabidhi kwa Mungu ni kile ambacho hakikuwa mikononi mwako tangu mwanzo, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya uchovu wako inatokana na kujaribu kuliwasha jua kwa kukosa usingizi.

Daftari la hesabu basi usilitupe. Anayekwambia kwamba kuhesabu fedha ni kukosa imani hajawahi kurejesha mkopo. Lakini ziko hesabu za saa kumi jioni, ambazo zinakuonyesha nani ulipe kesho na kiasi gani, na ziko hesabu za saa nane usiku, ambazo hazibadilishi tarakimu hata moja. Za kwanza ni wajibu. Za pili ndizo unazopaswa kuziachia, na hazitaachiwa kwa mara moja.

Hilo la kurudia ndilo linalokuumiza zaidi, naliona katika barua yako: unamkabidhi Mungu usiku wa mkesha, kisha asubuhi umekwisha kunyang'anya. Umeisoma habari ya Gethsemane polepole? Mwana wa Mungu mwenyewe, aliyekuwa na tumaini kamili kwa Baba yake, aliomba kikombe kile kimwepuke, akaongeza, "walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Kisha akaenda kuwaangalia wanafunzi, akarudi, akaomba tena. Mathayo anaandika kwamba aliomba mara ya tatu akisema maneno yaleyale. Ikiwa yeye alilisema mara tatu katika usiku mmoja, na Luka anatuambia kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu, kwa nini wewe uone aibu kulisema kila usiku? Kurudia kwako si ushahidi kwamba mara ya kwanza ilikataliwa. Ni namna moyo wa binadamu unavyojifunza.

Lakini hakuna mtu anayeweza kumwachia mzigo mtu asiyemfahamu, na hapa ningependa kukushauri uache kwa muda kutafuta hisia za madhabahuni, umtafute yeye mwenyewe katika Injili. Zaburi ya 9 inasema kwamba walijuao jina lake ndio watakaomtumaini. Anza na Marko sura ya 4, kwa sababu ile ni habari ya watu wa kazi yenu. Ziwa la Galilaya si kubwa, lina urefu wa kilomita 21 hivi, na mtu wa Kigoma aliyezoea Tanganyika yenye kilomita 673 anaweza kulicheka. Lakini dhoruba yake inaua vilevile, na wanne kati ya waliokuwa chomboni walikuwa wavuvi waliojua wazi kwamba maji yakijaa namna ile mtu hafiki ng'ambo. Woga wao haukuwa wa kijinga. Wanamwamsha Yesu, aliyelala juu ya mto katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, na maneno yao hayana adabu hata kidogo: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?"

Naomba uutazame mpangilio wa yaliyofuata. Kwanza aliukemea upepo, bahari ikatulia, baada ya hapo ndipo akawauliza, "Mbona mmekuwa waoga? Hamna imani bado?" Swali ni kali, na wahubiri tunalipenda sana, pengine kupita kiasi, kwa sababu tunalitanguliza pale ambapo Bwana alitanguliza msaada. Hakungoja imani yao ikomae ndipo awaokoe. Alipokea kilio kilichokuwa nusu maombi na nusu malalamiko.

Unauliza utajuaje kama amepokea. Utajua kwa ahadi yake, kwa kuwa hisia zako zinapanda na kushuka kama bei ya dagaa siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi haitoki. Amesema katika Yohana 6:37, "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Umekwenda? Basi hukutupwa. Amani yenyewe mara nyingi huja nyuma, na wakati mwingine huja kwa umbo usilolitarajia: unagundua katikati ya wiki kwamba umewacheka watoto wako, au kwamba umesikiliza mahubiri yote bila kupiga hesabu.

Kwa upande wa matendo, nina mashauri machache. Jioni, kabla ya kulala, fungua daftari, andika deni lililobaki na jambo moja utakaloweza kulifanya kesho, kisha lifunge. Omba kwa kutaja kila kitu kwa jina lake, jina la mkopeshaji, ada ya mtoto, chombo cha mume wako, wala usimalizie kwa kusema "kila kitu", kwa sababu neno hilo moyo hauliamini. Malizia kwa Zaburi 31:5, "Mikononi mwako naiweka roho yangu", maneno ambayo Bwana aliyasema msalabani na ambayo Wakristo wengi duniani huyasali kila usiku. Ukiamka saa nane, usianzishe vita vipya; rudia maneno hayohayo, hata kama ni kwa ulimi mkavu. Mkopo mpya wa kulipia mkopo wa zamani usichukue, na kwa mkopeshaji nenda ukapange naye marejesho ukiwa na shahidi. Siku ya Jumapili daftari libaki limefungwa. Na zungumza na mume wako: nina hakika kwamba naye akiwa majini, pepo za kusini zinapovuma miezi ya kiangazi, ana hofu ambayo hajawahi kukutajia, na ninyi wawili mnaweza kuombeana badala ya kila mmoja kumficha mwenzake.

SWALI: Mchungaji, mimi ni mkulima wa tumbaku Urambo. Marobota yangu yalipokelewa sokoni msimu uliopita, na hadi leo sijakamilishiwa malipo. Nikienda kudai, ndugu zangu katika Kristo wananiambia nimwachie Mungu, yeye ndiye mlipaji. Je, kuendelea kudai ni kukosa imani?
Mkulima, Urambo, Tabora

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Endelea kudai. Yakobo sura ya 5 inasema kwamba ujira wa wakulima uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kwamba kilio chao kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Sioni mahali ambapo Mungu anamwomba mkulima anyamaze ili mzuiaji alale vizuri. Paulo, ambaye aliandika "Msijisumbue kwa neno lo lote" akiwa kifungoni, ndiye huyohuyo aliyekata rufani kwa Kaisari. Nenda chama cha msingi na hati zako za mauzo, nenda kwa afisa ushirika wa wilaya, mwende mkiwa wengi. Unachopaswa kumwachia Mungu ni chuki, na ile hamu ya kumwona fulani akianguka, ambayo itakula moyo wako hata baada ya fedha kulipwa.

Nikuongezee jambo moja kwa kuwa umeandika kutoka Urambo, ambako Wamoravian walipokea kazi ya umisheni mwaka 1898. Kanisa hilo lina desturi ya kuchagua neno moja la Biblia kwa kila siku, iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728. Uwe Mmoravian au usiwe, desturi hiyo inamfaa sana mtu anayengoja: mstari mmoja asubuhi, kabla simu haijaanza kuita, na kutwa nzima unarudi kwenye mstari huohuo.

SWALI: Nimekuwa nikikosa usingizi tangu nilipofiwa na mume wangu. Daktari amenipa vidonge, lakini katika mkutano wa injili mama mmoja alishuhudia kwamba alivitupa vyake siku alipojisalimisha kwa Yesu. Nifanye nini?
Mjane, Tabora mjini

JIBU: Pole sana mama yangu, Bwana akufariji. Usivitupe. Vidonge vya aina hiyo vikikatishwa ghafla vinaweza kuleta madhara, kwa hiyo ukitaka kupunguza au kuacha, mwambie daktari aliyekuandikia, na kama huwezi kumpata nenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, ukiwa na karatasi zako. Waeleze pia kama umepungua uzito au kama kuna siku unatamani kufa, usione haya, kwa sababu mambo hayo yanatibiwa.

Eliya alipochoka kiasi cha kuomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili, na mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu. Kumeza kidonge usiku na kusema "Bwana, nakutumaini" ni mambo mawili yanayoweza kufanywa na mtu mmoja kwa glasi moja ya maji. Na kama kanisani kwako wapo akina mama wa umoja wa wanawake, waombe wawili wawe wanakuja kulala kwako kwa zamu katika majuma haya. Usingoje wajitolee wenyewe, maana wengi hawajui kwamba usiku ndio mgumu.