Mfano wa Mungu au sura ya Mungu? Tuandike lipi kwenye bango?

Swali: Mwalimu shikamoo. Nafundisha sande skuli hapa Dodoma, tunaandaa bango la mkutano wa watoto. Mwenzangu kaandika TUMEUMBWA KWA MFANO WA MUNGU, mwingine kagoma, anasema mfano ni kile unachotoa darasani ili watu waelewe, kwa hiyo tuandike SURA. Jirani yetu Mkatoliki naye anasema kwao wanataja vyote, sura na mfano. Tukiwa kwenye ubishi huo mtoto mmoja akauliza, kama ni sura basi Mungu ana pua? Kipi ni Kiswahili sahihi? Fundi wa mabango anasubiri.

Jibu: Marahaba mwalimu mwenzangu. Huyo mtoto mpeni soda, kauliza swali zuri kuliko nyie wote watatu.

Tuanze na huyo aliyegomea mfano. Hajakosea kwamba mfano ni kile cha darasani, ila kachukua maana moja akazifungia mlango nyingine. Ndani ya mfano kuna lile lile fana la kwenye kufanana, yani mfano kwanza kabisa ni kitu kinachofanana na kingine, halafu ndo tukapata mfano wa darasani (kitu kimoja kinachofanana na vingine vingi kwa hiyo unakionyesha hicho kimoja), tukapata mfano wa mpanzi na mifano mingine ya Yesu, tukapata mfano wa kuigwa, na mwisho tukapata hili "kwa mfano" tunaloanzia sentensi kila baada ya dakika mbili. Hili la mwisho ndo limeharibu masikio yetu. Mtu akisikia "kwa mfano" anangoja orodha.

Sura nayo ina mzigo wake. Imetoka Kiarabu na huko maana yake ni umbo, namna kitu kinavyoonekana, lakini sisi mtaani tumeibana mpaka imebaki uso tu, ndo maana tunasema fulani ana sura ngumu, fulani ana sura ya kazi, na ndo maana mtoto wenu akafikia kwenye pua. Ila kwenye Kiswahili kilichoandikwa maana pana bado ipo, tunasema mji umebadilika sura, suala limechukua sura mpya, na hakuna anayetafuta pua ya suala. (Hapo hapo, sura ya kitabu ni neno jingine kabisa, Kiarabu kinaliandika kwa herufi sini na lile la umbo kwa herufi swadi, sisi hatuna swadi kwa hiyo yakagongana. Kwa hiyo Mwanzo sura ya kwanza inaongelea sura, na hizo si ndugu.)

Sasa fungueni Biblia yenyewe, ile ya Union Version ya 1952 ambayo wengi ndo tumekua nayo. Mwanzo 1:26 inasema "Na tumfanye mtu kwa mfano wetu, kwa sura yetu". Kiebrania pale kina maneno mawili, tselem na demut, kwa mpangilio huo. Kwa hiyo mfano ndo tselem na sura ndo demut. Mimi zamani nilidhani watafsiri waliyatupia tu, lakini nendeni 5:3 Adamu anapomzaa Sethi, Kiebrania kimegeuza, demut imetangulia tselem imefuata, na Kiswahili nacho kimegeuza: "kwa sura yake, kwa mfano wake". Nendeni 5:1, demut peke yake, Kiswahili sura peke yake. Nendeni 9:6 pale penye kumwaga damu ya mwanadamu, tselem peke yake, Kiswahili mfano peke yake. Yani ndani ya Mwanzo hawa watu walishika hesabu hawakuteleza hata mara moja, na mwenzenu anayetaka kufuta mfano aweke sura ajue anafuta chaguo lililofanywa kwa makusudi.

Ila msije mkaifanya hiyo kanuni ya Biblia nzima, mtaumbuka. Kwenye Agano Jipya Kigiriki kina neno eikon, na neno hilo hilo moja Kiswahili kimelipa majina matatu. Wakolosai 1:15 Kristo ni "mfano wa Mungu asiyeonekana". 2 Wakorintho 4:4 ni "sura". Na Mathayo 22:20, Yesu anapoletewa ile sarafu ya kodi na kuuliza, "Ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?", hapo limekuwa sanamu. Ni sawa tu, neno linafuata mahali lilipo.

Hapo kwenye sarafu nikae kidogo maana ndipo panapojibu swali la pua. Sisi tukiona mtoto kafanana na babake sana tunasema ni shilingi kwa ya pili. Shilingi mbili zinafanana kwa sababu zote zimegongwa na chapa moja, na kile kichwa cha mtawala kilichomo kazi yake si kukuonyesha pua ya mtawala ilivyo, kazi yake ni kusema hii fedha ni ya nani na inatumika chini ya amri ya nani. Wahubiri wa Kikristo tangu zamani sana, Augustino akiwa mmojawapo, wamelisoma lile jibu la Yesu hivi: sarafu ina sanamu ya Kaisari basi mpe Kaisari, na mtu ana sanamu ya nani? Malizia mwenyewe.

Na ukirudi kwenye Kiebrania unakuta tselem mara nyingi ni sanamu kabisa, ya kushikika. Zile sanamu za panya Wafilisti walizotengeneza kwenye 1 Samweli 6 ni tselem, ile sanamu ya dhahabu ya Nebukadreza kwenye Danieli 3 ni neno hilo hilo kwa Kiaramu. Mwaka 1979 huko Tell Fekheriye, kaskazini mashariki mwa Syria, ilipatikana sanamu ya mtawala ya karne ya 9 kabla ya Kristo, ina maandishi kwa Kiaramu na Kiakadi, na katika yale ya Kiaramu sanamu ile ile moja inaitwa kwa jamaa wa tselem na pia kwa jamaa wa demut. Wataalamu waliifurahia sana hiyo, manake inaonyesha kwamba kuweka yale maneno mawili pamoja hakukulazimu kuwa na vitu viwili. Wafalme wa zamani wa pande zile walikuwa wanasimamisha sanamu zao mahali ambapo wenyewe hawapo, ili watu wajue nani anatawala pale. Ukisoma Mwanzo 1:26 kwa macho hayo utaona kwa nini mara tu baada ya mfano na sura inafuata "wakatawale samaki wa baharini". Wengi wanaosoma Agano la Kale siku hizi wameegemea hapo, na mimi nimeegemea hapo, ingawa mababa wa kanisa walitafuta huo mfano zaidi ndani ya mtu, kwenye akili na utashi. Vyovyote vile, pua haimo.

Jirani yenu Mkatoliki naye yuko sawa. "Kwa sura na mfano wa Mungu" ni msemo uliokomaa kwenye Kiswahili cha Kanisa lake, na unafuata mpangilio wa Kilatini, imago halafu similitudo. Utaona ajabu yake, huko sura ndo inabeba lile neno la kwanza na mfano linabeba la pili, kinyume cha Union Version! Ingekuwa balaa kama maneno haya yangekuwa vitu viwili tofauti, na kweli kuna waliowahi kuyatenganisha, askofu Irenayo wa karne ya 2 ana mahali anasema mtu alibaki na lile la kwanza akapoteza la pili alipoanguka, lakini Luther na Calvin, wale waanzilishi wa Uprotestanti, walikataa, wakasema ni desturi tu ya Kiebrania kusema jambo mara mbili kwa maneno mawili. Kwa Kiswahili hiyo haitusumbui, sisi wenyewe tunasema heri na baraka, shida na taabu, na hakuna anayeuliza shida imeishia wapi taabu ikaanzia wapi. Angalieni tu upatanisho, sura ni ya na mfano ni wa, mkiyaunganisha kihusishi kinafuata lile la karibu: sura na mfano wa Mungu, mfano na sura ya Mungu.

Kuna mtu atawauliza swali moja kali kuliko haya yote kwa hiyo niwape jibu kabisa. Kanisani tunaimba Mungu hana mfano, halafu tunasoma mtu ni mfano wa Mungu, sasa ipi ni ipi? Hapo Kiswahili kimecheza. Ukisema "hana mfano" mfano unakuwa wa kulingana naye, wa kupimana mabega, na huyo Mungu hana. Ukisema "kwa mfano wa" fulani, umetaja asili na kilichotokana nayo, na asili ndo inabaki juu. Mwana ana sura ya babake, mkimwambia mzee ana sura ya mwanawe mmemgeuza kichwa chini.

Jambo moja ambalo Kiswahili kimetubariki bila jasho ni mtu. Mstari wa 27 unaanza na mtu mmoja, "alimwumba", unamalizika na wengi, "mwanamume na mwanamke aliwaumba", kama kilivyo Kiebrania. Kiingereza kimehangaika miaka mingi kwa sababu neno walilotumia kwa binadamu ndo hilo hilo la mwanamume, sisi mtu wetu hana jinsia, mabinti wa sande skuli hawahitaji kuelezwa kwamba nao wamo.

Sasa bango. Lile la kwanza ni sahihi, TUMEUMBWA KWA MFANO WA MUNGU, na mkitaka kumfurahisha jirani wekeni sura na mfano, nayo ni sahihi. SURA peke yake siyo kosa, ina Mwanzo 5:1 nyuma yake, ila kwa watoto wa umri huo mtashinda mnaongelea pua mpaka mkutano uishe. Picha ya Mungu msiandike. Na huyo fundi mwandikieni maneno kwenye karatasi msimtajie kwa simu, manake niliwahi kuona moja limetundikwa ukumbini, herufi kubwa nyekundu, kaweka koma baada ya KWA MFANO.