Kuifunga serotonini hakuponyi kidonda cha tumbo

Swali: Daktari, endoskopi (kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni) imeonyesha nina kidonda tumboni, na kipimo kimethibitisha bakteria wa Helicobacter pylori. Nilisoma kwamba serotonini, homoni ya mwili, huleta vidonda. Muuza dawa mmoja akaniuzia siproheptadini, dawa ya mzio, "ya kuifunga" na kuniambia niache antibiotiki. Natumia pia fluoksetini kwa ajili ya sonona, na diklofenaki kwa maumivu ya mgongo. Niendelee?

Jibu: Usiendelee. Rudi upesi kwa daktari aliyekuandikia antibiotiki, umweleze ulikoishia, ili apange upya matibabu, kwa sababu dozi iliyokatizwa huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu.

Ulichosoma kina asili yake. Panya wa maabara akidungwa serotonini nyingi, mishipa midogo ya utando wa tumbo hubana, utando hukosa damu na kuchubuka, na baadhi ya dawa za kuizuia hupunguza michubuko hiyo. Kidonda chako, hata hivyo, hakikuletwa na sindano. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyu na kazi yake katika vidonda, na bado nawapokea wagonjwa walioambiwa wamwache bakteria, washughulikie homoni! Siproheptadini huzuia pia histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio na kusaidia ubongo kukaa macho, na ndiyo maana inaleta usingizi, huku ikiongeza hamu ya kula. Mgonjwa hulala vizuri, hula vizuri, akaamini anapona, ilhali kidonda kiko palepale. Isitoshe, inaweza kudhoofisha kazi ya fluoksetini yako.

Serotonini inakuhusu kwa njia ambayo muuza dawa hakuigusia kabisa. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa katika njia ya chakula, na chembe sahani za damu, ambazo haziwezi kujitengenezea, huifyonza na kuihifadhi, kisha huimwaga mshipa unapokatika ili damu igande. Fluoksetini huzuia ufyonzaji huo. Diklofenaki nayo hupunguza prostaglandini zinazoulinda utando wa tumbo, na dawa hizi mbili zikikutana juu ya kidonda kibichi, hatari ya kuvuja damu huzidi ile ya kila moja peke yake. Ya kuacha leo ni diklofenaki. Fluoksetini usiikatize ghafla. Mwachie daktari aamue.

Nawasihi wote wanaonunua dawa za tumbo bila kupimwa: maumivu kutulia si ushahidi wa kupona. Ushahidi ni kipimo cha pumzi au cha choo, kinachofanywa angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ikiwa imesimamishwa wiki 2 kabla. Kidonda kilichomo ndani ya tumbo lenyewe mara nyingi huhitaji endoskopi ya pili, kwa kuwa saratani huweza kufanana nacho. Na choo kikiwa cheusi, chenye kunata kama lami, au ukitapika damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.