Mnauliza kikwazo cha akilini, mi nauliza nani alikiweka humo

Wiki hii mmeuliza "Ni kikwazo gani cha akilini kinakuzuia kufuata ndoto yako, na umefanya nini kukivuka?" na kwakweli swali limenikera. Nyie wahariri sina ugomvi nanyi, ila hili neno akilini sa hivi liko kila kona, mtu anakuja ukumbini na suti na maiki, anatoza watu kiingilio, anawaambia umaskini wenu uko kichwani, badilini mtazamo, afu anapanda gari lake anaondoka na wale watu wanarudi nyumbani kwa miguu na mtazamo wao mpya. Kwa hiyo samahani, nitajibu swali la jirani na la kwenu. Hicho kikwazo kiliingiaje humo akilini, nani alikiweka?

Wale wa kidato cha nne 2012 wananielewa tayari. Kwa wadogo ambao hawakumbuki, matokeo yale yalitoka Februari 2013, waziri wa elimu akiwa Dk. Kawambwa, na ziro, ile divisheni ya waliofeli, zilikuwa zaidi ya 240,000, yani katika kila watoto kumi kama sita hivi waliondoka mikono mitupu. Nchi nzima ikasimama. Vijiweni wakawa wanasema hao ndo wale wanaoandika mistari ya bongofleva kwenye karatasi za mtihani, na kila mtoto aliyemaliza mwaka ule akabebeshwa hiyo hata kama hakuandika mstari wowote. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, ikaonekana mwaka ule upangaji wa alama ulikuwa tofauti na ulivyozoeleka miaka ya nyuma, mwezi wa tano wakatangaza bungeni kwamba matokeo yanafutwa yanapangwa upya. Hakuna mtu aliyerudi kufanya mtihani, karatasi zilezile, majibu yaleyale, ila kuna watu walilala na ziro wakaamka na divisheni foo, ile ya mwisho ya kufaulu. Na hata baada ya hapo ziro zilibaki zaidi ya nusu.

Sasa mtoto wa miaka 18 umemwambia mbele ya majirani kwamba hana kitu, miezi mitatu baadaye unamwambia tumebadilisha kipimo una kitu kidogo, afu leo unamuuliza ana kikwazo gani akilini. Si ndo hicho mlichompa!

Mdogo wangu wa kiume ni wa mwaka huo. Ndoto yake ilikuwa unesi, tangu mdogo, alikuwa akimwona mtu anafungwa bandeji anasogea karibu badala ya kukimbia. Februari alipata ziro ya pointi 34, na pointi zikiwa nyingi ndo mbaya, D moja tu ya kufaulu, ya Kiswahili. Mwezi wa tano nikaangalia mimi kwenye simu nikakuta imekuwa foo ya 33, nikampigia, akasema dada usinitanie, akakata. Hakuyaangalia, cheti hakwenda kukichukua. Akaingia soko la mahindi pale Kibaigwa kupakia magunia kwenye malori, mama yetu anauza chai na vitumbua hapohapo sokoni, maisha yakaendelea. Mtu akimuuliza umesoma mpaka wapi alikuwa anajibu haraka haraka "mi ziro wa 2012" na kucheka kabla mwenzie hajacheka.

Ilichukua miaka kumshawishi arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wakati huo elimu bure ilishaanza, wale wa shuleni ada ya mtihani walishafutiwa, ila wa praiveti unalipa mwenyewe, 50,000 ukiwahi Januari na Februari, ukiingia Machi ni 65,000. Mama akatoa hela ya kikoba. Fomu nilijaza mimi maana yeye hakutaka hata kuiona ile namba yake ya zamani ikiandikwa. Akajisajili masomo saba yote, anataka cheti kipya kizima, akasoma twisheni usiku baada ya magunia, mgongo unamuuma anasoma amesimama.

Siku ya kwanza ilikuwa Civics, lile somo la uraia. Tuliamka saa kumi usiku. Kituo kilikuwa shule moja huko Kongwa, tukachukua bodaboda ya jirani tukapanda mshikaki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimeshika mfuko wenye kalamu, rula na chapati mbili, tukafuata barabara kuu mpaka Mbande tukakata kushoto. Novemba ya Dodoma mnaijua, mvua bado na vumbi linakaa mpaka kwenye kope. Njia nzima anaongea, anataja mihimili ya dola, anataja haki na wajibu wa raia, mpaka bodaboda akamwambia mwanangu wewe leo unatoka na A.

Tumefika getini kama saa moja na nusu. Wale wa shule wamejaa, yunifomu zimepigwa pasi, wanachekana wanaulizana maswali ya mwisho mwisho. Msimamizi akatoka na orodha akasema praiveti wote kule chini ya mti. Chini ya mti kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kajifunga kitenge, mlinzi wa mahali fulani bado na mabuti ya lindo, wasichana wawili watatu, na mdogo wangu. Askari alikuwepo na bunduki yake kama ilivyo kawaida ya vituo vya mtihani, akawa anatania, tena kwa upole tu, akasema "na nyie wazee mnatafuta nini tena huku?" Yule mama wa kitenge akamjibu nimekuja kuchukua hiyo kazi yako mwanangu. Watu wakacheka, askari mwenyewe akacheka. Mdogo wangu hakucheka. Nikamwona anajipapasa, mfuko wa shati, mfuko wa suruali, akatoka kwenye kundi akanifuata akasema dada, kitambulisho nimesahau nyumbani.

Kwenda Kibaigwa na kurudi kabla ya saa mbili haiwezekani, hata wakikuvumilia nusu saa ya kuchelewa bado haitoshi, lakini tukapanda tu, bodaboda anaendesha kama amebeba mgonjwa. Tulipofika Mbande mdogo wangu akasema simama kidogo ninunue maji. Akaingiza mkono mfuko wa nyuma, ile noti ikatoka na kitambulisho, kikadondoka kwenye vumbi picha ikiwa juu. Tukakiangalia wote watatu. Bodaboda akainama akajifanya anakagua tairi.

Muda ulikuwa bado. Tungegeuza pale pale tungefika tumechelewa kidogo na angeingia. Nikamwambia panda twende. Akasema dada siwezi. Nikamwambia huwezi nini, si umenitajia yote njiani, akasema "wale wameniona." Sikuelewa wale ni akina nani, hakuna mtu anayemjua Kongwa.

Tulikaa Mbande mpaka saa sita mchana. Mabasi ya Dar na Dodoma yanasimama yanaondoka, wauza maji wanakimbilia madirisha, yeye kanunua karanga anakula moja moja. Sikumgombeza, na msidhani ni wema, nilikuwa nahesabu 50,000 ya mama kichwani nikifika mwisho naanza upya, na sauti ilikuwa haitoki. Bodaboda alisema ana abiria wanamsubiri ila hakuondoka na wala hakudai nyongeza, Mungu ambariki. Tulivyorudi mama akauliza vipi pepa, akajibu zuri mama, mama akasema Bwana asifiwe akampa vitumbua vilivyobaki, akavila vyote.

Hapa sasa ndo napata tabu na msimamo wangu. Maana mi ni yule anayesema shida za watu ni pesa na sheria na milango iliyofungwa, hayo ya akilini waachieni wenye suti. Ila siku ile ada ilikuwa imelipwa, kitambulisho kipo mfukoni, geti liko wazi, yule askari alikuwa anatania tu na wenzie wote wakaingia. Kama hicho hakikuwa kikwazo cha akilini sijui mtakiitaje.

Usiku nikashindwa kulala. Nikatafuta matokeo ya 2012 kwenye simu, namba yake ninayo, nikaenda kumwamsha usingizini nikamwekea simu usoni. Nikamwonyesha kwa kidole, Kiswahili D, Civics D. Nikamwambia hiyo Civics iliongezeka walipopanga upya, unayo tangu Mei 2013, leo umekimbia pepa ulilokwisha kulifaulu. Akaishika simu, mwanga ukazima, akabonyeza tena, ukazima, akabonyeza tena. Afu akauliza, kwa hiyo ile foo ulikuwa hunitanii? Nikamwambia bwana we, ziro uliacha kuwa tangu enzi za Pinda. Akacheka sana, akacheka mpaka mama akagonga ukuta.

Kesho yake aliondoka peke yake, alinikataza kumsindikiza, na akapiga mapepa yote yaliyobaki mpaka mwisho.

Mi naamini ni ile D. Yeye ukimuuliza anasema wala, D haihusiani, anasema ile siku ya kwanza ilishaharibika, na kitu kikishaharibika huogopi tena kukiharibu, aliingia chumba cha mtihani mwepesi kwa sababu alikuwa tayari ameshafeli pepa moja kwa hiyo ile hofu ilikuwa haina kazi. Tumebishana hili mara nyingi sana. Mama alipokuja kuambiwa ukweli, baadaye sana, alisema ni maombi. Bodaboda anasema ni karanga.

Matokeo yalivyotoka, Civics haikuwa na alama, baiolojia D, kemia D, Kiswahili ikapanda C, fizikia ikagoma kabisa. Na unesi bila fizikia alikoomba hawakumpokea. Ila kwa kuunganisha vyeti viwili akapata chuo cha mifugo, astashahada, na leo anachoma sindano ng'ombe na mbuzi huko vijijini na anaitwa dokta na wazee waliomzidi miaka arobaini. Anasema mgonjwa wake hamjibu vibaya, anapiga teke tu.

Kwa hiyo jibu langu mnalolitaka ni kwamba kikwazo cha akilini kipo, sawa, nimeshindwa kukikana. Lakini naweka mipaka yangu. Kwanza msije mkaandika kwamba dawa ni kujiamini, mdogo wangu njia nzima Kibaigwa mpaka Kongwa alikuwa anajiamini, kujiamini kulimfikisha getini kukamwacha hapohapo. Kilichomsaidia ni karatasi, au kama mnamsikiliza yeye, ni kuharibu siku, na sitaki mtu aende kuruka pepa lake la kwanza makusudi afu aseme kasoma hapa.

Pili, bila ile 50,000 ya mama, akili yake hata ingekuwa safi kama maji ya chemchemi angebaki sokoni.

Tatu, kuna watu ambao swali lenu haliwahusu kabisa. Nina mwenzangu tuliyesoma naye, alitolewa shule kidato cha tatu kwa ujauzito. Alikuwa anatuzidi wote hesabu. Yeye hakuwa na cha kuvuka akilini, kulikuwa na kanuni, na Juni 2017 Rais Magufuli alipokuwa Chalinze akairudia wazi kwamba katika utawala wake aliyepata mimba harudi shuleni. Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Ndalichako akiwa waziri wa elimu akatangaza kwamba sasa wanaruhusiwa kurudi. Nilimpigia siku ileile nikapiga kelele kwenye simu. Akanisikiliza mpaka mwisho akaniambia shoga angu nina watoto watatu na genge, huyo waziri amesema nani atakaa gengeni? Kuna mtu ninayemjua angesema huyo ana mtazamo hasi. Mi sioni hasi hapo, naona mtu anayejua kupiga hesabu, si nimewaambia.

Ila pia, na hili naliandika nikisita, juzi juzi kaniuliza kama ile njia ya kusoma jioni kwa watu wazima inalipiwa shilingi ngapi. Kauliza kama anayepita tu. Sijui niite hiyo nini na sitaki kumharakisha.

Mdogo wangu yeye bado anaidai fizikia. Anataka kuirudia. Namwambia ya nini sasa, ng'ombe hawakuulizi kani na mwendo, ajira unayo, anasema anataka tu aione imekaa kwenye cheti, na safari hii hataki kusindikizwa na mtu wala kusukumwa na mtu. Usajili ukifunguliwa Januari tutajua kama ni maneno. Hela ya ada nimemwambia ajitolee mwenyewe, mteja wake mmoja tu akilipa deni la chanjo za ndama inatosha na inabaki.