Digrii ya miaka miwili Marekani: tazama kwanza inakupa leseni gani

Dada uliyeuliza kama digrii ya miaka miwili ya chuo cha jamii (community college) hapa Marekani inamfikisha mwanamke popote kazini, au bora usubiri nafasi ya miaka minne: mimi nilipitia njia hiyo. Nilikuwa msaidizi wa wauguzi, nikasomea uuguzi huku nikilea watoto, na leo ni muuguzi kamili. Inafikisha, ila inategemea mno umesomea nini.

Tazama takwimu za serikali za mwaka 2023. Mtaalamu wa kusafisha meno kliniki alikuwa na mshahara wa kati wa dola 87,530 kwa mwaka, mwalimu wa chekechea (preschool) dola 37,130. Wote wawili kwa kawaida huanza na digrii hiyo hiyo ya miaka miwili, na kazi zote mbili zimejaa wanawake. Inaniuma sana kuona anayefundisha watoto wetu analipwa hivyo, maana kazi yake si nyepesi hata kidogo. Lakini kama kodi ya nyumba ni juu yako, hilo ulijue kabla ya kujiandikisha. Yule wa meno ana leseni ya jimbo, na asiye nayo haruhusiwi kuifanya kazi hiyo.

Uuguzi nao uko hivyo. Wa miaka miwili na wa miaka minne wote hufanya mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN. Wodini nilipangwa na binti aliyetoka chuo kikuu; kadi zetu za kifuani ziliandikwa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, wagonjwa tuligawana sawa, dawa tulihesabu pamoja. Tofauti ilijitokeza zilipotangazwa nafasi za uongozi. Pia kuna hospitali kubwa zinazotaka miaka minne tangu mwanzo, na New York ilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba wauguzi wapya wapate digrii ya miaka minne ndani ya miaka 10. Waajiri wengi huchangia ada ya kuendelea na masomo, kwa hiyo ulizia hilo siku ya usaili.

Sasa nikuambie kinachowaangusha akina mama wengi: hiyo miaka miwili mara nyingi si miwili. Kabla ya kuingia programu ya uuguzi unatakiwa umalize anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, kisha huenda ukasubiri nafasi. Ukishaingia, mafunzo ya hospitalini yanaweza kuanza alfajiri, saa ambayo vituo vingi vya kulelea watoto bado vimefungwa. Nimeona wanawake wenye akili nzuri kabisa wakiacha masomo kwa sababu hiyo tu, wala si kwa kufeli. Mtafute mtu wa kukaa na watoto alfajiri kabla hata hujalipa ada, na umwambie ukweli kwamba ni kwa miezi mingi.

Jambo jingine ni krediti, yaani alama za masomo uliyokwisha kumaliza. Baadhi ya digrii za ufundi za miaka miwili hazihamishiki zote kwenda chuo kikuu. Nenda kwenye chuo kikuu unachokilenga, wakuandikie ni masomo gani watayapokea. Na chuo cha jamii waulize ni asilimia ngapi ya wahitimu wao hufaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza. Wakikuzungusha kwenye swali hilo, omba kwingine.