Barua kwa mwanangu: kabla hujakata tiketi ya Malawi

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo hapa Moshi, baba yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama uchukue likizo yako ya wiki tatu uende Malawi kujitolea, kufundisha na kutibu ngozi vijijini, au nauli hiyo uitume tu ikanunue dawa. Umesema nikujibu kama tabibu.

Nenda. Ila nenda kwa ajili ya yule atakayebaki zahanati ukishaondoka.

Kabla sijasomea ngozi, wageni wa kujitolea walikuja kwenye zahanati yetu. Walikuwa watu wema kabisa. Kwa siku nne waliona watoto wengi wenye upele, wakagawa dawa, wakaondoka. Haukupita mwezi, watoto walewale wakarudi wanajikuna, maana dawa alipewa mtoto mmoja huku akilala kitanda kimoja na mama na wadogo zake. Nami nilikuwa pale siku zote nne nikipanga foleni, na hakuna aliyenifundisha kitu. Liliniuma mno. Ndilo lililonipeleka kwenye chuo cha ngozi cha kanda pale hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1992. Nilikaa miaka miwili darasa moja na matabibu wa nchi mbalimbali za Afrika, Malawi ikiwemo.

Kwa hiyo, kwenye upele, mfundishe muuguzi wa pale kutibu nyumba nzima siku moja, hata wasiowashwa. BBE, ile dawa ya upele ya kupaka (benzyl benzoate), ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha, wakae nayo usiku kucha. Kwa watoto ichanganywe na maji kwanza, inachoma. Nguo na mashuka yafuliwe, yaanikwe juani. Mwache yeye aeleze kwa Chichewa, wewe kaa pembeni usikilize.

Vitabu mlivyosomea huko Uingereza vimejaa picha za ngozi nyeupe. Wekundu wanaouandika hautauona kirahisi kwa mtoto wa Mangochi. Ngozi yetu ikivimba kwa ugonjwa mara nyingi hugeuka nyeusi zaidi, au zambarau, au kijivu. Tumia mkono, usikie joto na uvimbe. Ukikuta baka lililopauka ambalo haliwashi, mwambie mgonjwa afumbe macho, umguse kwa ncha ya pamba. Asipoweza kuonyesha ulipomgusa, usimpe dawa ya fangasi ukamruhusu aende. Fikiria ukoma, apelekwe kupimwa. Dawa zake zinatolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 1995, na anayeanza mapema huokoa vidole vyake. Kipimo hicho cha pamba hakigharimu chochote, na mhudumu wa ngazi ya jamii anaweza kukijua kwa asubuhi moja.

Mkorogo na krimu za steroidi, ambazo watu hupaka kujichubua, utavikuta kila soko. Uliza kwa upole mgonjwa anapaka nini, usimwaibishe.

Lingine ninaloliwazia sana ni watu wenye ualbino. Mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua yanatengenezwa hapahapa Moshi, na najua utataka kubeba sanduku zima. Beba, lakini mafuta huisha. Kofia pana na mikono mirefu hubaki, na muuguzi aliyejifunza kutambua kidonda kisichopona, ambacho huenda ni saratani, ataendelea kuokoa watu kwa miaka. Wameshambuliwa na kuuawa kule, kama walivyofanyiwa hapa kwetu. Usiwaitishe uwanjani kwa kipaza sauti. Waulize wenyewe wanapenda kuonwa wapi.

Mwenzangu mmoja wa darasani bado anafanya kazi Lilongwe. Nitamwuliza ni dawa gani zimemwishia na nani kwenye vituo vyake anataka kujifunza, ili tarehe aipange yeye. Usikate tiketi mpaka nikupigie Jumapili baada ya ibada.

Mama yako